Dagaa za Kichanja

Asubuhi hiyo tulitoka Kasingirima mimi na binti yangu tukiwa na mkoba, kitenge na mihogo ya kuchemsha, bila kujua tunakwenda wapi. Kibarua kilikuwa kimeniishia, shule zimefungwa, na miguu yangu haijapata kutulia. Mama yangu, ambaye humlea mjukuu wake nikiwa njiani, alitusimamisha mlangoni.

"Zurureni," alisema. "Ila mtoto akilala nje, bila paa, hata usiku mmoja, hatoki tena na wewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Binti yangu alisikia zaidi yangu. Ana miaka saba, na kumnyima safari ni sawa na kumfunga kamba miguuni. Njia nzima hadi Kibirizi alikimbia mbele, akaruka mitaro, akarudi kuniuliza kama ni kweli mbuzi hana meno ya juu mbele. Sikujua. Tulimfunua mdomo mbuzi mmoja aliyefungwa kando ya njia, tukakuta kweli hana, na mwenye mbuzi akatufokea.

Kibirizi, ufukoni mwa ziwa, boti la vijiji vya kaskazini lilikuwa linapakia.

"Tupande?" nilimuuliza.

"Tupande."

Majini aliinama mpaka nikamshika gauni. "Nahodha, ziwa lina mwisho huko chini?"

"Linao."

"Umewahi kufika?"

"Siku nikifika, na boti limefika."

Abiria walicheka. Yeye hakucheka, alikuwa bado anafikiri.

Tulishuka katika kijiji nisichowahi kukanyaga, kwa sababu tu aliona watoto wakipiga sarakasi mchangani. Aliruka kabla boti halijagusa nchi kavu, na nilipofika na mkoba kichwani tayari alikuwa anatembea kwa mikono, miguu juu.

Boti la kurudi lilikuwa la kesho. Nyumba ya wageni ya pekee ilikuwa imejaa wachuuzi wa dagaa. Nikaelekezwa kwa bibi mmoja mwenye chumba cha uani. Nilimkuta ameinamia vichanja vyake vya kuanikia dagaa.

"Shikamoo, bibi. Tunaomba chumba, mimi na mwanangu."

"Marahaba. Chumba kina magunia."

"Tutalala juu yake."

"Juu ya dagaa zangu? Wewe umelelewa wapi?"

Hapo wingu likatokea upande wa Kongo. Mvua ikija, huku hakuna anayeuliza dagaa ni za nani; kila mwenye mikono anazoa. Binti yangu alinyakua beseni. Aliruka safu baada ya safu za dagaa zilizoanikwa mchangani bila kukanyaga hata moja, akazoa, akamwaga kibarazani, akarudi mbio. Nilisimama nikimtazama, raha imenijaa.

"Shangaa tu, mvua itakusubiri!" bibi alinikemea.

Matone yalipoanza, kila kitu kilikuwa chini ya turubai kibarazani. Bibi alichota kiganja cha dagaa, akakipuliza.

"Nani kamwaga za mchangani juu ya za kichanja?"

Kina mama waliokuwa wamejikinga mvua pale walimgeukia binti yangu. Naye alinyoosha mkono, bado anahema. Nami nikajua chumba kimetuponyoka, na safari zetu pamoja nacho.

"Ni mimi, bibi. Zina tofauti gani?"

Bibi akamtia dagaa mmoja mdomoni. "Tafuna. Haya, na huyu."

"Huyu ana mchanga!" Alifurahi kama aliyepewa muwa. "Nipe mwingine."

"Mnunuzi naye hutafuna hivyohivyo, mwanangu, mwana wanje, halafu anashusha bei. Kesho utapepeta na kuchambua na mimi mpaka niseme basi. Usinikimbie."

"Sikimbii. Lakini tutalala wapi?"

Mmoja wa kina mama aliangua kicheko. Bibi alinigeukia.

"Mama yake, umesimama tu? Nenda kahamishe hayo magunia."

Niliyahamisha yote peke yangu, chumba kikinuka ziwa zima. Mwenzangu alikuwa kibarazani amefumba macho, anatafuna dagaa anazotiwa mdomoni na bibi, na kwa kila mmoja anasema kwa sauti amekaukia wapi, mchangani au kichanjani.