Elmire Verdin apima injini kwa karai la maji

Saa mbili na nusu asubuhi, Alhamisi, katika yadi ya injini za mitumba nje kidogo ya mji wa Houma, kusini mwa Louisiana, mwanamke mfupi aliyevaa buti za mpira anamimina maji kwenye karai la kuoshea kamba wa mchuzi. Analiweka karai juu ya fremu ya chuma iliyofungwa injini ya ndege, anarudi nyuma hatua tatu, anakunja mikono.

"Washa," anasema.

Muuza injini, Bwana Gaspard Guidroz, anabaki kumkodolea macho. "Mama, umekuja kununua injini au kufua?"

"Washa tu, baba. Nguo nitaleta kesho."

Injini inanguruma, pangaboi linazunguka, vumbi la yadi lote linahamia kwa jirani. Maji yanarukaruka na kumwagika ukingoni. Haijapita dakika moja, karai limebaki nusu. Elmire anapunga mkono: zima.

Elmire Verdin, mwenye umri wa miaka 56, ni mwokota mayai ya mamba. Kwa misimu kumi na tisa amekuwa akiyatoa viotani na kuyapeleka kwa wafugaji, ambao huyaangua na kurudisha sehemu ya watoto kinamasini. Kazi hiyo haifanyiki bila boti ya feni, ile bapa inayosukumwa na pangaboi kubwa nyuma, linaloendeshwa na injini ya ndege au ya gari, kwa sababu huko maji hufika kifundoni na nyasi kifuani, na boti nyingine yoyote hukwama.

Ijumaa iliyopita, akikagua viota, injini yake ya zamani ilinoki. Ilipiga kelele, ikatoa moshi, ikanyamaza moja kwa moja. Mumewe Alcide na shemeji yake Ulysse, ambaye ni fundi, walimvuta kwa saa tano hadi nyumbani.

Kilichomnyima usingizi si injini peke yake. Msimu wa mayai hauzidi wiki tatu, na kampuni inayomiliki kinamasi imempa hadi Jumatatu. Asipoingia siku hiyo, eneo linapewa kundi jingine, na waliowahi kunyang'anywa wanajua kwamba halirudi.

"Kwao ni ekari elfu nne kwenye karatasi," anasema Elmire. "Bibi yangu alitega panyamaji pale, akauza ngozi zao. Nikifungiwa geti, nitakuwa mgeni kwetu."

Injini hiyo ya kwanza aliyoonyeshwa, iliyomwaga maji, inang'aa kama sahani ya harusi: silinda sita, nguvu za farasi 260, dola elfu kumi na mbili. Alcide ameshaipenda.

"Elmire, sikia hiyo sauti! Tuchukue hiyo hiyo."

"Umesikia nini wewe, mume wangu? Nikikuita kula unadhani ni kengele ya kanisa."

Alcide anacheka kuliko wote. Lakini mkewe ana sababu, na haifichi. Kando ya mito yetu watu hununua injini kwa masikio. Boti isiyosikika hadi ng'ambo huhesabiwa kuwa haina injini, na mwenye boti hiyo hutaniwa hadi msibani. Miaka sita iliyopita Elmire naye alinunua hivyo: injini ya gari, silinda nane, yenye ngurumo ya kutisha.

"Nilijiona malkia," anasema. "Watu waliniuliza kama nimenunua radi."

Hakuna aliyekagua jinsi ilivyofungwa, kwa kuwa ililia vizuri; kumbe iliitikisa boti nzima. Na yai la mamba halitaki mtikisiko wala kugeuzwa. Ndiyo maana waokotaji hulitia alama ya kalamu upande wa juu kabla ya kulinyanyua, na upande huo hubaki juu hadi siku ya kuanguliwa. Mwaka ule, kati ya mayai 3,100 aliyopeleka, hayakufika elfu moja yaliyoanguliwa.

"Mfugaji aliponipigia simu nilikaa jikoni nikalia. Yalitoka kiotani yakiwa mazima. Mimi ndiye niliyeyaua, kwa kupenda makelele."

Tangu hapo hanunui hata pampu bila karai.

Ulysse anafunga kipimo chenye mshale kwenye shafti ya ile injini inayong'aa, analizungusha pangaboi kwa mkono polepole. Mshale unayumba.

"Shemeji, shafti imepinda. Hii ndege ilibusu ardhi."

Guidroz anavua kofia na kujikuna. "Daftari lake sikupewa. Nauza nilichouziwa, mama." Lakini papo hapo anachukua chaki na kuandika *mbovu* kwenye injini yake mwenyewe, jambo ambalo si wauzaji wengi wangelifanya mbele ya wateja.

Kwenye kona, chini ya turubai lenye kinyesi cha njiwa, ipo nyingine iliyotoka kwenye ndege ya kunyunyizia dawa mashamba ya mpunga. Rangi imebabuka. Daftari lipo, na kila saa iliyofanya kazi imeandikwa. Inawashwa. Maji yanatetemeka kidogo pembeni, katikati yametulia.

"Hapo mtu anajitazama na kunyoa ndevu," anasema Ulysse.

Elmire hajaridhika. Wanapima mgandamizo wa kila silinda, wanachunguza oili kama ina vumbi la chuma, wanafungua plagi zote. Silinda ya tano ni dhaifu kidogo, na kwa udhaifu huo dola 8,500 zinashuka kuwa elfu nane. Ni akiba yake ya misimu miwili.

"Haina sauti," Alcide ananung'unika njiani. "Watasema tunapiga kasia."

Jumamosi majirani kumi na mmoja wanakuja na spana zao. Hapa hakuna anayelipwa kwa msaada wa namna hiyo. Unampikia tu, na ukimpikia vibaya utasikia. Elmire anapika sufuria mbili za gumbo, mchuzi mzito wa bamia. Jumapili jioni boti iko majini.

Jumatatu asubuhi, kundi la pili limeshaegesha getini, likisubiri ashindwe. Kiongozi wao, Rodrigue Savoie, anamwona akipita.

"Injini gani hiyo, Mama Elmire? Mbona haisikiki?"

"Punguza sauti, kaka. Nakwenda kuwachukua waliolala."

Rodrigue anaangua kicheko, anawasha gari, anaondoka na watu wake.

Siku hiyo Elmire anarudi na mayai 412. Mfugaji anayamulika moja moja kwa taa kuona kama yako hai; tisa tu yanakataliwa. Elmire anaitazama trei ya mwisho kwa muda mrefu, kisha anajifuta macho kwa kiwiko, bila aibu.

Nimeandika habari za wafanyakazi wengi. Wachache nimewaona wakiligeuza kosa lao kuwa kipimo, na kukibeba mbele za watu wakichekwa.

Kesho yake ananipeleka alipokulia bibi yake. Tunafika, anazima injini. Mbele yetu ni maji matupu. Bahari imeshachukua nyasi, miti na njia za mitego, na kila mwaka inasogea. Namuuliza anaitakia nini injini mpya.

"Ulysse anasema ina saa elfu moja mbele yake. Kwa kazi yangu ni kama miaka kumi." Anaangalia majani yaliyobaki upande wa kaskazini, kwenye viota vyake.

"Wengine huomba injini isife. Mimi naomba ife kabla hapa hapajafa."