Ndindi Akifumba Macho

Pale soko la Gikomba, Nairobi, kwenye mstari wa mashuka na mapazia, robota la mitumba likifunguliwa hakuna aliyethubutu kuchagua kabla Ndindi hajaingiza mkono. Macho alikuwa nayo, tena mazuri, ila hakuyatumia. Aliangalia kando, akapiga soga na jirani, huku vidole vikitembea ndani ya rundo vyenyewe na kutoka vimeshika shuka la pamba tupu. Hizo ndizo kamera, nguo za daraja la kwanza ambazo wachuuzi huzigombania. Zinazobaki mwisho, zinazofaa kudekia tu, huitwa fagia. Kuzitenga kamera na fagia ndiyo kazi yenyewe, na Ndindi aliifanya bila kukosea. Binti yake Mwende alimaliza chuo kwa vidole hivyo. Ruqiyo, ambaye Ndindi alimwita Mama Hirad, mwenye duka la mapazia kule Eastleigh, alinunua kwake miaka nenda miaka rudi bila kukunjua hata shuka moja. "Mama Mwende ameshagusa," aliwaambia wapakiaji wake, na mzigo ukaondoka.

Kwa hiyo vidole vilipoanza kumdanganya, hakumwambia mtu.

Balaa lenyewe lilianzia tumboni, na lilianza kwa ushauri mwema. Huku mitaa ya Eastlands mtu akishika tumbo tu, ameshapewa ugonjwa: alsa, vidonda vya tumbo. Hana haja ya daktari, maana muuza mboga anajua, fundi wa viatu anajua, na mama wa chumba kinachofuata anajua kuliko wote. Ndindi alisumbuliwa na kiungulia, na ploti nzima, lile jengo la vyumba vya kupanga walimoishi pale Kware, ikamtibu. Acha maharagwe. Acha nyama, inachubua. Acha mayai. Maziwa nayo yanaleta asidi, acha. Akaacha vyote, akabaki na kabeji, viazi na wali mweupe. Mwenye duka la dawa chini ya ploti akamuuzia tembe za kuzuia asidi, za kumeza kabla ya chai ya asubuhi. Zilikuwa dawa za wiki chache. Hakuna aliyemwambia aache, naye hakuuliza, kwa sababu kiungulia kilitulia na mtu hagombani na kitu kilichomtuliza.

Mwili una ghala lake, lakini hautangazi ghala linapoisha. Kwa miaka Ndindi aliishi kwa akiba ya zamani, akipanda ngazi za ghorofa yao na kubeba furushi lake kama kawaida. Halafu ulimi ukaanza kumwasha na kuwa laini kama wa mtoto. Viganja vikapauka. Akaanza kuhisi kama siafu wanamtembea nyayoni. Akasema ni kigoda anachokalia sokoni, kinabana damu.

Mumewe Kilonzo, dereva wa lori la mchanga, hakupenda rangi ya uso wake. "Mama Mwende, twende hospitali."

"Ya kufanya nini? Nimechoka tu. Nani hachoki Nairobi?"

Akarudi kwa yule yule mwenye duka la dawa, naye akampa tembe za kuongeza damu, zile wanazopewa wajawazito. Haya basi, uso ukapata rangi, na Kilonzo akashusha pumzi. Na hapo ndipo ubaya ulipojificha vizuri zaidi, kwa sababu kilichokuwa kinakufa hakikuwa kwenye uso.

Siku moja alipitisha shuka la poliesta kati ya kamera. Mteja alilirudisha akicheka, na Ndindi akacheka pia, akasingizia baridi. Lakini alipobaki peke yake alilishika tena, akalisugua, akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Ilikuwa kama amevaa glavu nyembamba. Akaogopa. Tangu siku hiyo alianza kuchagua kwa macho, akijifanya bado anaangalia kando.

Aliupeleka woga wake kanisani. Kanisa lao lilikuwa la mabati, limebanwa kati ya maghorofa ya Kware, na Pasta Luseno alikuwa mtu wa huruma asiyeita sadaka kila dakika. Ndindi alipita mbele akamnong'oneza kwamba vidole vyake havisikii.

"Fumba macho, dada," pasta akasema. "Inua mikono."

Akafumba. Sakafu ikaondoka. Alianguka kabla pasta hajamgusa, akadakwa na akina mama waliokuwa nyuma yake, akalazwa chini, akafunikwa miguu na leso kama desturi ilivyo, na kanisa zima likalipuka kwa shangwe. Ndindi alilala pale akitazama mabati. Hakusikia joto wala sauti. Alisikia tu kwamba miguu ilikuwepo, kisha haikuwepo. Lakini alipoinuliwa watu walimkumbatia huku wakilia machozi ya furaha, na nani ana roho ngumu ya kuwaambia watu kama hao kwamba hakuona kitu?

Ikawa kila Jumapili. Akifumba macho tu, chini. Wakamtengea kiti cha mbele na akina mama wawili wa kumdaka. Waliotoka mitaa mingine walimwuliza anafunga siku ngapi. Pasta alishukuru kwa sauti kwamba kazi imeanza ndani ya dada yetu, na itakamilika.

Nyumbani, kazi hiyo hiyo ilimwangusha bafuni. Alikuwa amejipaka sabuni usoni, macho yamefungwa, akajigonga ubavu kwenye ukuta. Stima ikipotea, aliteremka ngazi akipapasa kama kipofu. Bafuni hakukuwa na maombi wala kinanda, na Ndindi alilijua hilo vizuri. Hakutaka tu kuviweka vitu viwili pamoja akavitazama. Mtu angetamani kumshika mabega na kumtikisa, lakini waliokuwa karibu naye walikuwa wakimpongeza.

Asubuhi moja aliinua sufuria ya uji jikoni kwa mikono mitupu. Kilonzo alikuwa anafunga viatu. Alisikia harufu, akadhani nyama inaungua, kisha akakumbuka kwamba nyumba hiyo haikupika nyama tena. Alipogeuka, mkewe alikuwa amesimama na sufuria mkononi, anamuuliza kama anataka sukari.

Hospitalini walipewa mhudumu wa kliniki aitwaye Khavere, mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimsafisha kiganja, akakwangua ngozi iliyokufa, na katikati ya kazi akasimama.

"Mama, hujashtuka."

"Hainiumi, daktari."

"Ndiyo maana nasema."

Alimwambia avue viatu, asimame katikati ya chumba, aunganishe miguu. Ndindi akasimama vizuri tu. "Sasa fumba macho," Khavere akasema.

Akayumba, akaenda. Khavere alimdaka kwa mikono miwili, na Kilonzo akamdaka upande mwingine. Ndindi, kwa mazoea, akasema kwa aibu kidogo, "Ni Roho, daktari. Hunijia hivi."

Khavere hakucheka. Alimkalisha kitini kwanza. "Mama, hapa hakuna aliyeomba. Nimekuambia ufumbe macho tu. Miguu yako imeacha kuuambia ubongo iko wapi. Umekuwa ukisimama kwa macho. Ukiyafumba, huna kitu cha kushikilia."

Ndindi alianza kulia kabla hajaelewa yote. Alilia kwa sababu alikuwa ameelewa hayo tangu siku ya sabuni.

Maswali yakafuata. Anakula nini? Anakunywa dawa gani? Tangu lini? Ndindi alijibu kwamba tembe za tumbo alianza Mwende akiwa bado shule ya msingi. Khavere akajaza fomu ya maabara. Damu ikapimwa, majibu yakarudi: vitamini B12 ilikuwa karibu kwisha kabisa. Bila hiyo, akaeleza, mishipa ya fahamu huvuliwa ganda lake kama waya wa stima. Hupatikana kwenye nyama, mayai na maziwa, na tumbo linahitaji asidi ili kuitoa humo. Ndindi alikuwa amefunga milango yote miwili. Tembe za damu nazo zilitia rangi uso na kuficha ugonjwa.

"Dawa ni sindano," Khavere akasema. "Leo tunaanza. Damu itarudi. Miguu nina matumaini nayo."

"Na vidole?"

"Ungekuja zamani, mama."

Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Pasta Luseno alikuja kumjulia hali Kware, akakaa kwenye kochi na kofia magotini. "Nilikuwa nikikuona ukianguka, nashukuru," akasema. "Sikukuuliza hata mara moja kama umeumia." Ndindi alimwambia kwamba hata yeye hakuwahi kusema. Walikunywa chai ya maziwa, ya kwanza kwa Ndindi baada ya miaka mingi.

Sindano zilifanya kazi yake. Ulimi ulirudi kuonja chumvi, ngazi zikawa ngazi tu, na Jumapili wengine walipofumba macho yeye aliyaacha wazi na hakuanguka. Waliokuwa wakimdaka walihamia kwa mtu mwingine. Alingoja vidole. Aliviombea, akavikanda kwa mafuta, akavijaribu kila asubuhi kwenye pindo la blanketi. Khavere alipomwona tena hakumficha kwamba kilichokuwa cha kurudi kilikuwa kimesharudi.

Alirudi Gikomba. Robota likafunguliwa, na mstari mzima ukamngoja kama zamani. Ruqiyo alikuwa amekuja mwenyewe siku hiyo, amesikia mwenzake amepona, na amefurahi kwa moyo wote. Ndindi akaingiza mkono. Pamba, poliesta, pazia, shuka, vyote vilikuwa kitu kimoja kisicho na jina. Angeweza kuchagua kwa macho. Angeweza kusema ameshagusa, na mzigo ungepakiwa.

Akautoa mkono. "Mama Hirad, kunjua. Kagua mwenyewe."

"Mimi? Sijawahi kukagua vitu vyako."

"Kunjua tu, dada."

Ruqiyo akaitoa mikono ndani ya mtandio. Kisha akachuchumaa polepole kando ya rundo, akaanza kuyafungua mashuka moja moja na kuyasugua kwa vidole. Ndindi aliketi mbele yake akiukazia macho uso wake, ili ajue lipi ni la pamba.