Vichwa vya Dagaa vya Tutaona

Dagaa wakavu wakigusa kikaango cha moto, kabla hata hawajatiwa mafuta, hutoa harufu inayowafanya wageni wangu wafungue dirisha. Mimi husogea karibu. Harufu hiyo hunirudisha Mtinko, uani kwetu, nikiwa na miaka tisa, na mfuko wa sketi yangu ya shule ukinuka samaki hadi mwalimu akanihamishia dawati la nyuma.

Sababu ilikuwa mbwa wetu. Baba alimleta akiwa mdogo ili aje kulinda mbuzi. Mama alipoyaona yale masikio makubwa na miguu isiyojua pa kwenda, akasema tu, "Haya, tutaona." Jina likawa hilo. Tutaona alikua haraka, mwenye mbio na moyo mwema, ila hakuitika. Ukimwita, alikutazama kwa heshima kisha akaenda zake. Akiona kuku ndiyo kabisa.

Siku moja akamuua tetea wa Mama Neema, jirani yetu. Mama Neema alikuja na manyoya mkononi, akakaa kwenye kigoda, akasalimia vizuri, ndipo akasema, "Baba Rehema, mimi sina ugomvi. Ila mbwa huyu akirudi kwangu, hatatoka mzima."

Baba aliona aibu. Akampa tetea wetu mmoja, na akatangaza kwamba Tutaona atapelekwa Mitundu kwa baba mdogo, gari likipatikana.

Jioni hiyo nilikuwa namsaidia mama kuchambua dagaa, huku nikifuta machozi kwa kiwiko. Kichwa kimoja kikaanguka. Tutaona, aliyekuwa amelala kule zizini, akafika mbio kabla sijainama kukiokota. Nikakaa nikimwangalia.

"Mama, naomba hivi vichwa."

"Vyote?"

"Vyote."

Akanisukumia ungo. Niliviosha kuondoa mchanga, nikavikausha kikaangoni bila chumvi wala mafuta mpaka vikawa vinavunjika kwa kucha, nikavihifadhi kwenye kopo, na kila siku nikatia vichache mfukoni mwa sketi.

Kupiga mluzi sikuruhusiwa, kwa kuwa wakubwa walisema si tabia ya msichana. Basi nilipiga makofi mawili, na Tutaona akija, alipata kichwa kimoja. Tulianza kwa hatua tano. Baadaye akawa anakuja kutoka mwisho wa shamba la mtama. Mara nyingine alijileta mwenyewe, akakaa mbele yangu akidondosha udenda, na nilipomnyima alininunia kama mtu.

Kazi ilikuwa kuku. Nilimfunga kamba, tukakaa mbali nao, na kila alipoacha kuwatazama akanitazama mimi, nilimpa chake. Asubuhi ya kwanza alinitazama mara mbili tu. Lakini wiki zilipita, na baba akawa anarudia kwamba gari bado halijapatikana.

Jumamosi moja nilikuwa naanika nguo, sketi yangu ikiwa miongoni mwa zilizofuliwa, nikamwona Tutaona akipenya uani kwa Mama Neema, ambako kuku walikuwa wanadonoa mtama kwenye turubai. Mama Neema akanyanyua mchi. Nikapiga makofi mawili.

Tutaona akasimama, mguu mmoja juu. Akawatazama kuku. Akanitazama. Kisha akageuka, akaja kwangu mbio, masikio yakipepea.

Sikuwa na kichwa hata kimoja. Nikakimbilia jikoni, nikachota dagaa wazima wa mboga ya mchana, konzi nzima, nikampa.

Mama Neema alikuja na mchi wake bado mkononi. "Rehema, huyu umempa dawa gani?"

"Shikamoo. Ni vichwa vya dagaa tu."

"Marahaba," akasema, akaanza kucheka mpaka akaegemea ukuta. Mwezi uliofuata aliniletea mtoto wa mbwa wake nimfundishe, na vichwa vyake vya dagaa kwenye bakuli.

Baba alikuwa ameyaona yote kutoka zizini. Nilimuuliza kuhusu Mitundu. "Magari ni shida," akajibu, akaendelea kufunga lango.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimwokoa mbwa wangu peke yangu, nikisaidiwa na uhaba wa magari. Nilikuwa mtu mzima nilipokumbuka kwamba magari ya kwenda Singida mjini, njia ile ile ya kufikia Mitundu, yalipita barabarani kwetu kila asubuhi, na kwamba ni baba yule yule aliyekuwa akiyasimamisha, akipakia magunia ya alizeti, huku mimi na Tutaona tukifanya mazoezi hatua chache nyuma yake.