Bolti ya Nyuma ya Baiskeli ya Byamungu

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili usinihurumie kabla ya wakati. Mimi ni fundi baiskeli wa Gitega, mtoto wa fundi. Nimelificha jambo hili tangu miaka ya vita, na leo nakwambia wewe, fundi mwenzangu, kwa sababu hunijui.

Wakati huo niliishi peke yangu. Mke wangu Zaina alikuwa amekimbilia kambini Tanzania na watoto wetu wawili, mimi nikabaki kulinda nyumba. Majirani nao walihama mmoja mmoja. Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja, nikala nikiutazama mlango.

Aliyenifanya nisisahau kuongea ni rafiki yangu, nimwite Byamungu, Mkongo wa Uvira aliyechukua ndagala wakavu, wale dagaa, sokoni kwetu na kuwapeleka kwa baiskeli hadi Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko alikutana na wafanyabiashara waliofika hadi kambini, na barua za Zaina zilipita mikononi mwao. Bila yeye sikuwa na habari ya mtu yeyote.

Safari moja akaniletea barua fupi. Watu wa kambi walikuwa wanahamishiwa mbali, na Zaina aliuliza: aende nao, au akatae na kuningoja pale? Alitaka jibu haraka.

Asubuhi iliyofuata Byamungu alikuja na magunia tayari yamefungwa.

"Fundi, freni ya nyuma inachezacheza. Unitazamie, mi nataka nipite bariyeri ya wanajeshi mbele ya saa sita."

Breki ile ilishikwa na bolti mbili. Ya nje unaifikia bila taabu. Ya ndani imejificha kati ya fremu na gurudumu, na juu yake wabeba mizigo wa kwetu huchomelea vyuma ili keria ibebe magunia. Spana inaingia kwa ubavu, inazunguka kidogo tu, inagonga chuma. Ukitaka kuikaza kweli, shusha mzigo, toa keria, toa gurudumu. Hiyo ni kazi ya saa nzima.

Na barua yangu kwa Zaina ilikuwa haijaisha! Nilikuwa nimeandika salamu tu. Nikakaza bolti ya nje, ile ya ndani nikaigusa kwa kidole, nikaiona inacheza. Nikanawa mikono, nikakaa kuandika.

Marehemu baba alikuwa na sharti moja: baiskeli ya mzigo haitoki kwa fundi kabla fundi mwenyewe hajaipanda na kushuka nayo mteremko. Siku ile sikuipanda. Nilijua kwa nini.

"Iko sawa?" Byamungu akauliza.

"Iko sawa, kaka. We enda."

Akaweka barua yangu kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa nimemwandikia Zaina: ningoje, nakuja.

Njia kubwa ilikuwa imefungwa, akapitia milimani, Bugendana. Kwenye mteremko breki ya nyuma iling'oka ikaingia kwenye gurudumu. Watu wa mlima ule walimbeba kwa machela hadi hospitali ya Mutoyi, mguu umevunjika mara mbili. Habari ilinifikia baada ya siku nne. Nilipofika kwake alinishika mkono.

"Ni mimi nilipakia mingi, fundi. We usijisumbue na hiyo."

Ningeweza kusema pale pale, sikusema. Barua haikuonekana; shati walilikata wakati wa kumtibu.

Ilipita zaidi ya mwezi kabla sijapata msafiri mwingine wa kumwamini. Barua yangu ya pili ilirudi haijafunguliwa. Kambi ilikuwa imehama.

Byamungu alirudi Uvira anachechemea, akiamini kosa ni lake. Vita vilipoisha nilimpata Zaina, mke wa mtu, na mtoto mdogo mgongoni. Hakunigombeza. Alisema, "Nilingoja jibu mpaka lori la mwisho. Nikajua kunyamaza kwako ndilo jibu."

Hata yeye sikumwambia habari ya bolti.

Fundi mwenzangu, ile usiyoifikia ndiyo uishughulikie kwanza, na kama umeiacha, mwambie mwenye baiskeli kabla hajaondoka. Usichelewe kama mimi. Siku hizi kila baiskeli ninayotengeneza naipanda, nashuka nayo mteremko, kisha naisukuma kupanda hadi kwangu. Mlango naufungua mwenyewe; ndani hakuna wa kunifungulia.