Ili Apate Viza, Anataka Kwanza Nimwambie Si Mama Yangu

Msimamizi wa ukurasa huu, jina langu libaki kwako. Huku Stockholm Wakongo tunatambuana hata kwa kikohozi, na sitaki habari hii initangulie kanisani kabla sijaamua.

Nina miaka sitini na mitatu. Nilitoka Bukavu wakati wa vita, nikapewa hifadhi huku, na sasa ninaishi mtaa wa Husby na binti yangu anayefanya kazi ya kutunza wazee. Mke wangu ni marehemu. Kwetu nilifundisha Kifaransa. Huku niliendesha basi mpaka figo zikanishinda. Siku hizi ninaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Siwezi kukaa mbali nayo hata juma moja, kwa hiyo mimi kurudi nyumbani ni jambo lililokwisha. Anayeweza kusafiri ni mama. Amepita miaka themanini, lakini miguu yake ina nguvu kuliko yangu.

Ninaposema mama, nieleweni. Aliyenizaa alifariki nikiwa mchanga wa siku chache. Dada yake mkubwa naye alikuwa na mtoto wa kunyonya, akatunyonyesha wote wawili, huyu titi hili na yule lile. Kwa desturi ni mama mkubwa wangu, lakini hilo neno "mkubwa" sijawahi kulitamka. Alizaa watoto sita. Nyumbani kwake tunahesabiwa saba.

Mwaka jana niliamua kumwalika kwa miezi mitatu, kiasi anachoruhusiwa mgeni. Nikaandaa barua ya mwaliko, bima ya safari, na ushahidi kwamba ana watoto na shamba vya kumrudisha kwake. Walipouliza uhusiano wetu nikaandika "moster". Waswidi wana neno lao la dada wa mama na jingine la dada wa baba, na mimi mpenda maneno nikafurahi kulipata lililo sahihi kabisa. Mama sikumwambia nimeandika nini. Sikuona haja.

Yeye alishughulika na mzigo. Akanipigia: "Nikuletee nini? Sambaza ao nyama ya kukausha?"

"Leta sambaza, Mama. Samaki wakavu wanaruhusiwa kiasi chake. Nyama wataichukua uwanja wa ndege."

"Bachukue nyama ya mutu muzee? Basi nitaikula yote mbele yabo!"

Tulicheka mpaka binti yangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Mdogo wangu, kitinda mimba wake, alimpeleka Kinshasa kwa ndege. Ubalozini aliingia peke yake, akaulizwa kupitia mkalimani. Unakwenda kwa nani? "Kwa mutoto wangu." Mtoto wa kumzaa? "Nilimunyonyesha miye." Una watoto wangapi? "Saba."

Makaratasi yalisema sita. Makaratasi yalisema dada wa mama.

Akakataliwa, kwa sababu maelezo yanapingana. Nilikata rufaa, nikaeleza desturi zetu kurasa nzima, nayo ikakataliwa. Siwalaumu sana. Tangu nilipoomba hifadhi, faili langu linasema mama yangu alifariki. Wao waliona marehemu amekuja kuomba viza.

Tunaruhusiwa kuomba upya, ila safari hii majibu yalingane. Binti yangu haoni tatizo. "Lakini pappa, ni moster wako," akaniambia kwa mchanganyiko wake wa lugha. "Bibi aseme hilo tu, mara moja. Itamuumiza wapi?"

Jumapili moja baada ya ibada tukampigia. Binti akaanza kumfundisha: "Bibi, wakiuliza, sema ni mtoto wa mdogo wako. Na watoto wako ni sita."

Mama akamkatiza.

"Ni nani aliandika vile kwa karatasi?"

"Ni mimi, Mama."

"Kwa mukono yako?"

"Ndiyo. Ni sheria yao, Mama. Basi sema kwamba ulinilea."

"Kulea? Yaya njo analea." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Sikia, mwanangu. Nitarudia Kinshasa. Nitasema yote munataka. Lakini siwezi kuambia mugeni kitu weye hauyaniambia. Anza weye. Uniambie kwa kinywa yako: weye si mama yangu. Ukisha kusema, na miye nitasema."

Binti yangu alinitazama. Nilimwambia mama kwamba mtandao ni mbaya, nitampigia baadaye.

Tangu siku hiyo ninampigia kila Jumapili. Anapokea. Anauliza figo zinaendeleaje, anauliza kama theluji imeisha, anamsalimu mjukuu wake. Kisha ananyamaza na kungoja. Ninasikia kuku wa jirani yake. Ninasikia akipumua. Mimi ninasema, "Ubaki salama, Mama," na kukata.

Binti yangu amechoka nami. "Ni maneno tu, pappa. Unamwacha mtu azeeke kwa ajili ya maneno?" Ana haki. Ni maneno manne tu, na nimewahi kusema mengi mabaya zaidi kwa watu niliowapenda kidogo. Lakini nikiyatamka, yule atakayetoka mlangoni pale uwanja wa ndege na mfuko wake wa sambaza atakuwa nani kwangu? Atanikumbatia kama nani? Na nisipoyatamka, mmoja wetu atazikwa bila mwenziwe, na kwa hali yangu sidhani kama wa kwanza atakuwa yeye.

Ninyi mliolelewa kama mimi, mliokaa mbele ya maofisa mkatakiwa kuchagua neno moja, mlifanyaje? Nimwambie? Kesho ni Jumapili, na najua ataipokea simu. Nishaurini kabla sijapiga.