Tuta la Baba

Harufu ya mchanga uliolowa ilikuwa ikitufikia kabla ya mvua yenyewe, na watu wazima wa kijiji chetu, Frere Town, walipoinusa walichukua majembe. Kila nyumba ilizibua mtaro wake, ili maji ya viwanja vya juu yapite hadi bondeni, mahali ambapo hakuna aliyejenga. Pale yalitulia, yakanywewa na mchanga taratibu, na visima vyetu vikawa na maji matamu hadi kiangazi. Hakuna aliyetuamuru. Ilikuwa adabu ya ujirani, kama kuamkiana.

Masika moja ya miaka ya vita, baba yangu, mzee wa kanisa, alichoka kuona mihogo yake ikizolewa. Akauziba mtaro uliopita shambani mwetu kwa tuta refu la udongo. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alituambia, akaridhika. Jumapili iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi. Tuliporudi kutoka ibadani tulikuta maji yamegota kwenye tuta, yamerudi nyuma, yanalamba ukuta wa udongo wa Mama Kache, mjane aliyekaa kiwanja cha juu yetu. Alikuwa akiwatoa watoto nje. Baba aliinamisha kichwa. "Mama Kache, leo ni siku ya Bwana. Kesho alfajiri nitalibomoa."

"Haya, mzee," alijibu. "Basi njoo uuhubirie ukuta wangu, nao uishike Sabato."

Bibi, mama yake baba, hakucheka. "Mwanangu, ng'ombe wako akitumbukia kisimani leo, utamwambia asubiri Jumatatu?"

Baba alilitazama tuta, mvua ikimchuruzika usoni. Kisha akaikunja kanzu yake nyeupe ya ibada, akaifunga kiunoni, akashika jembe. Maji yalipopata upenyo yalivuma, yakaing'oa mihogo yote. Ukuta wa Mama Kache ulisimama. Jioni baba alishukuru kwa sauti, nasi tukala mchicha mtupu.

Leo bonde lile limejaa maghorofa, na kila mtu amezungushia kiwanja chake ukuta wa mawe. Simlaumu yeyote, watu wanahitaji pa kulala, nami Mungu amenijalia umri wa kuona mengi. Lakini visima vimeingia chumvi, na mvua haina pa kwenda. Masika iliyopita wajukuu wangu walikuwa wakikumba maji sebuleni kwa sufuria, huku mlangoni amesimama mwenye mkokoteni, tukinunua kwake madumu ya maji ya kunywa.