Mzigo wa Vanila Niliouzuia Sirari

Siku yangu ya kwanza kazini niliaibishwa na chupa ndogo ya kahawia. Nilikuwa nimeripoti Sirari, mpakani, mkaguzi mpya wa chakula, shati limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. Afisa Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa mama mwenye miwani mizito na maneno machache. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanisukumia ile chupa. "Hiki ni nini?" Nikafungua kifuniko, nikanusa, nikajibu kwa fahari: "Vanila, mama. Tena nzuri kabisa."

"Nani amekwambia ufungue?" akasema. "Mkaguzi anaanza na lebo. Halafu karatasi. Kifuniko kinafunguliwa mwisho, tena ikibidi. Hiyo unayoisifu imetengenezwa kiwandani, haijawahi kukutana na tunda la vanila, na lebo imesema hivyo kwa herufi kubwa. Anza upya."

Nikaanza upya mara tatu. Siku hiyo nilimchukia, na kila kitu nilichokijua baadaye kilitoka kwake.

Ninyi mnaojaza maombi ya vibali kwenye kompyuta mtaniona wa zamani, lakini chupa ni ile ile. Arki halisi ya vanila, yaani maji yake ya kutia ladha, hupatikana kwa kuloweka maganda ya vanila kwenye spiriti kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo ndani yake kuna kilevi, na lebo lazima iseme ni kiasi gani. Ile ya kiwandani ni ya bei nafuu, haina ubaya, ila isijiite halisi. Mzigo ukiingia nchini unafuatana na kibali cha kuingiza na cheti cha uchambuzi, karatasi ya maabara inayoeleza kilichomo. Juu ya cheti kuna namba ya toleo, na namba hiyo lazima ifanane na iliyochapwa kwenye chupa, maana kila mkupuo unaotengenezwa una namba yake. Zisipofanana, cheti hicho kinaeleza chupa za mtu mwingine.

Madereva kutoka upande wa pili walikuwa hawapendi kusikia hayo. "Afande, hii ni vitu ya keki tu, wacha nipite," walikuwa wakiniambia. Nami nilikuwa najibu kwamba keki huliwa na watu.

Baadaye nilihamishiwa Mugumu, chini ya Afisa Afya wa Wilaya, bwana mpole aliyependa kutembea kwa miguu. Tulikagua bucha, maduka, na majiko ya kambi za watalii kule Robanda. Huko nilifahamu kwa nini lebo ina maana. Mpishi mmoja alinionyesha orodha ya wageni ukutani: huyu hali karanga, yule hagusi kilevi hata tone kwa sababu ya dini. "Mimi siwezi kujua kilichomo," akasema. "Nasoma chupa tu. Chupa ikidanganya, mimi ndiye nimedanganya." Sijapata kusikia mtu akieleza kazi yangu vizuri kuliko hivyo.

Mugumu ndiko nilikokuwa tena karibu na Mwita. Sisi ni saro moja, maana yake tulitahiriwa msimu mmoja, tukauguza vidonda pamoja. Kwetu Wakurya mtu wa saro yako ni zaidi ya rafiki. Anakutania mbele ya wakwe na huwezi kununa. Mwita alikuwa na duka, akiuzia kambi unga, siagi na viungo, na jioni aliingia kwangu bila kubisha, akiuliza kwa sauti ni nani amemfundisha mke wangu kupika vizuri hivyo, maana si mimi.

Nikarudishwa Sirari, safari hii mimi ndiye Mfawidhi. Mwaka huo Mwita akapata zabuni ya kupelekea kambi moja kubwa vanila halisi msimu mzima. Alikuwa ameuza ng'ombe ili aagize. Mzigo ulipofika nikasoma lebo, nikasoma cheti, nikavaa miwani nikasoma tena. Namba hazikufanana.

Ningemsaidia mtu yeyote nisiyemjua kwa kumwita, kumkalisha na kumweleza. Kwa Mwita niliogopa. Niliogopa vijana wa ofisini waseme mzee anampendelea wa saro yake, na niliogopa zaidi macho yake. Basi nikamwandikia barua. Kumbukumbu namba juu, "Ndugu" mwanzoni, "Nakutaarifu kwamba" katikati, mhuri chini. Nikampa tarishi aipeleke Mugumu.

Akanipigia jioni ile ile. "Mura," akasema, kama tunavyoitana wanaume wa Kikurya, "umenikataa kwa tarishi?" Nikaanza kusoma kanuni. Akakata simu.

Wiki kadhaa zikapita. Muuzaji aliyemletea Mwita mzigo akakiri kwamba aliambatanisha cheti cha toleo jingine. Vanila yenyewe ilikuwa halisi. Cheti sahihi kikaja, mzigo nikauachia. Lakini kambi ilikwisha kutafuta mtu mwingine, na msimu ulikuwa unaisha. Mwita akafunga duka, akahamia Ringwani kulima. Kwa miaka yote iliyobaki ya utumishi wangu hakukanyaga kwangu.

Nimestaafu sasa. Wakaguzi vijana huniuliza kama najuta kuuzuia mzigo ule. Sijuti. Ungekuja leo, ningeuzuia leo. Lakini mtu anaweza kufuata kanuni barabara na bado akawa mwoga, na mimi nilikuwa mwoga. Hilo linaniuma, wala sitafuti neno la kulipaka asali.

Mwezi wa kwanza baada ya kustaafu nilikwenda Ringwani. Nilimkuta shambani akipalilia mihogo. Hakuacha jembe. Nikasema nimekuja kuomba radhi.

"Kwa vanila?"

"Kwa barua."

Jembe likasimama. Akanitazama, nami safari hii sikuyakwepa macho yake.

"Niliisoma ile barua mbele ya wateja," akasema. "Nilifikiri umeniandikia habari za nyumbani. Basi niambie sasa. Kwa mdomo wako."

"Nikwambie nini?"

"Ulichotakiwa kuniambia."

Nikavua kofia. Mimi, mzee mwenye wajukuu, nikasimama wima katikati ya mihogo. "Mwita," nikasema, "mzigo wako siupitishi."

"Kwa nini?"

"Namba ya cheti na ya chupa hazifanani."

"Nimeuza ng'ombe, mura."

"Najua. Siupitishi."

Akafikiri kana kwamba chupa zilikuwa pale pale miguuni petu, na msimu ndiyo kwanza unaanza.

"Haya," akasema. "Nimesikia."